Kompyuta ya Duka Huanzia kwenye Umeme



Ndugu msomaji, karibu kila mmoja wetu anayesoma chuo, awe wa sheria au wa kilimo, akirudi nyumbani likizo hugeuzwa fundi wa kompyuta. "Wewe si msomi? Njoo utuchagulie mashine ya duka." Mimi niliitwa hivyo na ami yangu, mwenye duka la spea za pikipiki Buyenzi, hapa Bujumbura. Nilikuwa mwaka wa pili. Nilichagua kwa kujiamini, na nilikosea. Somo hili limetokana na kosa lile, na nimeliandika ili wewe usilirudie kwa mali ya mzazi wako.

Fedha alizonipa ami hazikuwa nyingi. Nyingi kati ya hizo nilizimalizia kwenye prosesa yenye nguvu na kasha lenye kioo ubavuni na taa za rangi. Kasha hilo lilikuja na pawasaplai yake ndani, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vya ndani. Kiliandikwa wati 500. Nilikishika, nikakiona chepesi kama kopo tupu, nikafurahi kwamba tumeokoa pesa. UPS sikununua. Nilimwambia ami tutanunua baadaye.

Miezi minane ikapita. Jioni moja umeme ulikatika, na uliporudi tulisikia mlio mdogo ndani ya kasha, kisha harufu ya kuungua. Pawasaplai ilikuwa imekufa, na haikufa peke yake. Iliondoka na mazabodi, diski, na flashi ya nakala ambayo mimi mwenyewe nilimwambia ami aiache imechomekwa nyuma ya mashine "isije ikapotea".

Ndani ya diski ile kulikuwa na daftari zima la duka: nani anadaiwa, duka linadaiwa na nani, na orodha ya vijana wa pikipiki waliokuwa wakidunduliza fedha kidogo kidogo kwa ami mpaka zitimie bei ya tairi au mnyororo. Ami hakunigombeza. Alinunua daftari la karatasi, akaandika tarehe juu, akaketi mlangoni kusubiri watu waje na kauli zao. Aliyesema ameweka elfu hamsini alihesabiwa elfu hamsini. Waliokuwa wakidaiwa, baadhi walikuja wenyewe na kutaja deni lao. Wengine walibadili njia ya kupita.

Sote tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Basi mashine inayobeba maandishi hayo imebeba amana za watu, na ni lazima ichaguliwe kama anavyochaguliwa mshika amana: tunatazama kwanza uaminifu wake, mbio na urembo baadaye.

1. Kwanza ijue kazi

Kabla ya kutaja kifaa chochote, uliza: kompyuta hii itafanya nini kutwa? Duka la kawaida linaandika hesabu, linachapa risiti na ankara, linafungua intaneti na barua pepe, pengine na programu ya stoo. Hiyo ni kazi nyepesi. Mashine isiyo na kadi kubwa ya picha, ikifanya kazi hizo, kwa kawaida hutumia wati 30 hadi 60, na ikibanwa sana ni nadra kupita wati 150.

Kwa hiyo tatizo la duka si nguvu. Prosesa za kawaida za leo zinaiweza kazi hiyo bila jasho. Tatizo la duka ni kwamba mashine inawashwa kila siku, kwenye joto la kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye vumbi la barabarani na kwenye umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Mashine inayoweza kustahimili hayo miaka mitano ndiyo tunayoitafuta.

2. Umeme: hapa ndipo pesa zianzie

Umeme wa ukutani kwetu ni volti 220. Ndani ya kompyuta vifaa vinatumia volti 12, volti 5 na volti 3.3 tu. Anayesimama kati ya huo mkubwa na hizo ndogo ni pawasaplai. Iliyo nzuri, ikipata hitilafu, hujizima na kufa peke yake. Iliyo mbovu huweza kupitisha volti nyingi kuliko zinazotakiwa, na kila kilichounganishwa nayo kikaungua. Ndiyo maana ukibana fedha hapa unahatarisha vingine vyote.

Utaitambuaje iliyo nzuri? Usisome namba kubwa tu ya kwenye boksi. Geuza pembeni usome kibandiko chenye jedwali. Tafuta mstari wa volti 12, kwa sababu kompyuta za leo huchukua sehemu kubwa ya umeme wao hapo. Kisha zidisha ampea kwa 12. Kibandiko kikisema "500" kwa maandishi makubwa lakini mstari wa volti 12 una ampea 16, basi 16 mara 12 ni wati 192 tu. Hiyo namba kubwa ni ya kuvutia macho. Pawasaplai ya kweli ya wati 400 au 450 inatosha kabisa duka, na akiba inabaki.

Tazama pia alama ya 80 PLUS. Alama hiyo inahusu ufanisi: kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia unafika kwenye vifaa badala ya kupotea kama joto. Haiapi kwamba kifaa kitadumu, lakini inaonyesha kuwa kifaa cha aina hiyo kilipimwa. Waranti ya miaka mitano ni dalili nzuri zaidi, kwa sababu mtengenezaji hawezi kuahidi miaka mitano juu ya kitu anachojua kitakufa baada ya miwili. Na alama zikifanana na pawasaplai ya kweli, usijiridhishe upesi: ipime kwa mkono. Nyepesi mno mara nyingi ina shaba na chuma kidogo ndani.

Jambo moja la hatari: baadhi ya pawasaplai zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kwetu lazima iwe 230. Ukiiwasha ikiwa kwenye 115, italipuka papo hapo. Usimwachie muuzaji, angalia kwa macho yako kabla ya kuchomeka waya.

Sasa UPS. Hii huipa mashine dakika chache umeme ukikatika. Si ya kuendeleza kazi mpaka umeme urudi. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kuhifadhi ulichoandika na kuzima kwa utaratibu. Kwa duka, UPS ya VA 650 yenye kirekebisha volti ndani yake inatosha. Angalia kwamba VA si wati: UPS hiyo hutoa kiasi cha wati 350 hivi. Printa ya leza usiichomeke kwenye upande wa betri, maana inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Betri yake huishi miaka mitatu hadi mitano, na kwenye joto huishi pungufu ya hapo. Kila mwezi hifadhi kazi, chomoa UPS ukutani, uone kama mashine inabaki hai. UPS yenye betri iliyokufa ni sanduku tu.

La mwisho katika umeme ni waya wa ardhi. Soketi nyingi za madukani zina tundu la tatu lisilounganishwa na chochote. Mwombe fundi umeme aipime na kufunga nondo ya ardhi kama haipo.

3. Mazabodi na prosesa

Mazabodi ni ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote. Chagua ya kati: isiwe ya bei ya mwisho chini, wala isiwe ya wacheza michezo. Tazama kapasita zake, vile vimtungi vidogo vilivyosimama juu ya ubao. Miaka ya mwanzo ya 2000 mashine nyingi duniani zilikufa kwa sababu ya kapasita za majimaji zilizovimba na kupasuka. Mazabodi nzuri za leo hutumia kapasita kavu, zenye kichwa bapa cha chuma kisicho na alama ya msalaba. Kwa kapasita za majimaji kuna kanuni ya makadirio ambayo mafundi wanaijua: kila ukipunguza joto kwa nyuzi 10, umri wake huongezeka takriban mara mbili. Kumbuka kanuni hii tutakapofika kwenye feni.

Prosesa ichukue ya daraja la chini kati ya zile mpya, kama Core i3 ya Intel au Ryzen ya AMD iliyo na picha ndani yake. Angalia herufi za mwisho: prosesa za Intel zinazoishia na F hazina picha, na utalazimika kununua kadi nyingine. Kila kifaa unachokiongeza ni kifaa kimoja zaidi kinachoweza kuharibika.

Usisahau betri ndogo ya mviringo kwenye mazabodi, CR2032 ya volti 3. Ikiisha, saa ya mashine hurudi nyuma, na ankara zako zitaanza kutoka na tarehe za miaka iliyopita. Bei yake ni ndogo sana, lakini tarehe ya deni ni jambo kubwa.

4. RAM

Kumbukumbu ya GB 8 inatosha kuanzia. GB 16 inakupa utulivu wa miaka mingi. Kasi yake usiihangaikie. Hangaikia usahihi wake. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza mashine nyingi za Google walieleza kwamba karibu theluthi moja ya mashine zilipata angalau kosa moja la kumbukumbu kwa mwaka. Zile zilikuwa na RAM ya ECC, ambayo hugundua kosa dogo na kulisahihisha. Kompyuta nyingi za mezani hazina ECC, na kosa likitokea hakuna anayeambiwa. Sifuri inaweza kugeuka moja ndani ya hesabu zako.

Kama mazabodi na prosesa zinaikubali ECC na bei inawezekana, ichukue. Kama haiwezekani, fanya hivi: siku ya kwanza, kabla ya kuingiza hata jina moja la mteja, washa programu ya bure ya Memtest86+ na uiache usiku kucha. Likionekana hata kosa moja jekundu, rudisha RAM dukani ukiwa bado na risiti.

5. Diski na nakala

Diski ya kale ina sahani zinazozunguka, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na sindano inayopita juu yake. SSD haina kinachozunguka, haiogopi mtikisiko, na huifanya mashine ya kawaida ionekane mpya. Kwa duka chukua SSD ya GB 500 ya kampuni inayojulikana.

Watu huogopa kwamba SSD "inaisha". Tupige hesabu. SSD nyingi nzuri za GB 500 hupewa dhamana ya kuandikiwa TB 300. Duka likiandika GB 20 kila siku, ambazo ni nyingi, TB 300 ni sawa na siku 15,000, yaani zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo haitakufa kwa kuchoka. Itakufa kwa umeme mbaya au kwa hitilafu ya ghafla, na SSD ikifa mara nyingi haitoi dalili. Diski ya kale huanza kulia na kusuasua. Hii huweza kuwa nzima asubuhi na kimya jioni.

Ndipo inapokuja nakala. Kanuni ni tatu, mbili, moja: nakala tatu za hesabu zako, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Kwa ami yangu ilikuwa hivi: moja ndani ya mashine, moja kwenye diski ya nje, moja kwenye flashi. Kwenye karatasi ilikuwa sahihi, lakini vyote vilikuwa kwenye waya mmoja siku ile. Nakala iliyochomekwa kwenye mashine inakufa pamoja na mashine. Nakili, chomoa, peleka nyumbani. Na mara moja kwa mwezi ifungue ile nakala kwenye kompyuta nyingine, usome jina la mteja mmoja na deni lake. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana tu.

Jihadhari pia na flashi za bandia sokoni. Zinasema GB 128, lakini ndani zina GB 8, na kinachozidi kinapotea bila ya kukuambia. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi yote na kuisoma tena ili ikuonyeshe ukweli.

6. Kasha, feni na vumbi

Kasha zuri la duka ni la chuma, lenye feni mbili kubwa, moja ikivuta hewa mbele na moja ikiitoa nyuma, na wavu wa kuzuia vumbi unaotoka kwa urahisi ukaoshwa. Kioo na taa havipozi kitu. Usiliweke sakafuni, inua angalau kwa kimo cha stuli. Kila miezi mitatu zima, chomoa, fungua, usafishe kwa brashi laini. Hapa ile kanuni ya nyuzi 10 inarudi: feni safi ni umri unaomwongezea kila aliyemo ndani.

7. Kuunda mpya au kuchukua mtumba?

Hapa tuwe wakweli. Mara nyingi mashine iliyotumika ofisini, kama OptiPlex ya Dell, EliteDesk ya HP au ThinkCentre ya Lenovo, ni imara kuliko mashine mpya iliyoundwa kwa vifaa duni. Ziliundwa kwa ajili ya kazi za kutwa nzima. Lakini zina mambo mawili. La kwanza, nyingi hutumia pawasaplai na mazabodi za umbo lake zenyewe, hivyo ikiungua huwezi kuchukua spea yoyote ya dukani. Uliza spea kabla ya kununua. La pili, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa ujumla prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Kwa sababu hiyo mashine za kizazi cha sita na cha saba zinauzwa kwa bei ya kutupa. Si mbaya, ila uweke Linux ndani yake, na uhakikishe kwanza kwamba programu ya duka itafanya kazi humo.

Ukichukua mtumba, badilisha diski kwa SSD mpya, badilisha betri ya CR2032, ipime RAM usiku kucha, safisha feni. Kisha UPS ni lazima kama kawaida.

Mgawo wa fedha

Ukiacha kioo na printa, mimi leo nagawa hivi: katika kila faranga 100, kama 34 ziende kwenye pawasaplai, UPS na diski za nakala. Zinazobaki zigawiwe prosesa, mazabodi, RAM, SSD na kasha. Ni makadirio yangu, si sheria. Lakini ukiona theluthi hiyo imeshuka hadi sehemu ya kumi, jua umeanza kununua taa za rangi.

Mashine ya pili ya ami niliichagua kwa mgawo huo. Ni kasha jeusi lisilo na taa, chini yake UPS, na mwenye kulitazama haoni cha kusifu. Siku nilipoimaliza nilimwambia, "Ami, hii haina mbio kama ile." Akanijibu, "Mwanangu, mbio zipeleke kwa vijana wa pikipiki. Mimi nataka kesho niyakute majina." Diski ya nakala huenda nayo nyumbani kila Alhamisi, ndani ya mfuko wa kanzu. Na lile daftari la karatasi hajaliacha mpaka leo, wala mimi simshauri aliache.

Maswali ya kujipima

1. Pawasaplai imeandikwa wati 600, na mstari wake wa volti 12 una ampea 20. Je, ni wati ngapi za kweli kwenye mstari huo? Inatosha duka lenye printa ndogo?
2. Kwa nini nakala tatu za ami zilipotea kwa pamoja? Ungebadili nini bila ya kuongeza faranga hata moja?
3. Muuzaji anakuonyesha mashine ya mtumba ya kizazi cha sita kwa bei rahisi. Taja mambo manne utakayoyauliza au kuyapima kabla ya kulipa.

Ukirudi nyumbani likizo ijayo, anza na swali la pili. Mwombe mzazi wako akuonyeshe nakala ya hesabu za duka iko wapi, kisha ifungueni pamoja.

Wabillahi tawfiq.